Shingo Isiyo na Kitu

Sosiot

Jumatatu, Machi 6, 1995

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri. Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani lilikuwa na kurasa tupu bado, lakini ukurasa wake wa mwisho ni wa Agosti mwaka jana, siku tuliyomzika mtoto, na sikutaka kuandika chini yake.

Alikuwa na miaka minne. Kwetu mtoto akifa jina lake halitajwi tena. Mama aligawa nguo zake wiki ileile na kikombe chake akakivunja nyuma ya zizi, kwa pigo moja, akarudi jikoni kuchochea moto. Baba wa mtoto, Johana, alirudi kazini kwenye kiwanda cha chai, na tangu hapo huja nyumbani kama mgeni anayepita. Watu wanasema mambo kuhusu nyumba yetu. Kwa kweli wanasema jambo moja tu, ule ugonjwa ambao siku hizi kila mtoto aliyekohoa muda mrefu anahesabiwa kuwa nao, na mamake pia.

Nimepata kazi ya msimu. Daktari Nyaberi, mtu wa Kisii, anachunguza shingo. Anazunguka vituo vya kupimia majani ya chai huku Belgut na kuwapapasa shingo watu wanaoleta majani. Wazee wengi hawajui Kiswahili, kwa hiyo mimi natafsiri. Mwenye uvimbe anaandikwa. Mwenye uvimbe mgumu anadungwa sindano ndogo na maji yake yanapelekwa maabara.

Nilimwuliza anatafuta nini hasa. Alisema, "Watu wananiambia kansa ya tezi ya shingo imeongezeka huku kwenu. Labda imeongezeka. Labda haijaongezeka, ni vile sasa watu wanaenda hospitali. Ningejua, kama ningejua wangapi walikufa nayo zamani. Lakini hakuna aliyewaandika."

Nilisema ndiyo.

Jumanne, Machi 7

Kazi. Mvua alasiri. Nimepika ugali, ukoko nimempa mbwa.

Alhamisi, Machi 9

Maneno yangu ni mawili. Inua kidevu. Meza mate. Tezi hupanda mtu anapomeza, na vidole vya daktari huwa vinaingoja. Leo nimeyasema tangu asubuhi hadi mvua ilipotuingiza chini ya paa la kituo.

Bibi mmoja aliniuliza kwa Kipsigis, "Huyu Mkisii anatafuta nini shingoni mwetu? Shanga tulishavua zamani."

Nilimtafsiria daktari. Alicheka na akamwambia amtafutie hata moja iliyobaki. Seth, dereva wetu, Mjaluo wa Kendu Bay, alisema kwao shingo ya mwanamke haishikwi bure hivi, lazima kwanza mtu aende na mbuzi. Sista Quinter, nesi, akamjibu, "Wewe Seth, mbuzi ungetoa wapi? Hata nyama ya mwaka mpya ulikopa." Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, nilijisikia nikicheka.

Jumatano, Machi 15

Leo tulikuwa kituo cha kwetu na Mama alikuja na kikapu chake cha majani. Rovu lake ni kubwa, linajaa ukosi wa gauni. Tangu nilipopata akili limekuwa pale. Daktari alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Mama, hii umekaa nayo tangu lini?"

"Mwambie ilikuja na ng'ombe wa mahari," Mama aliniambia. "Ng'ombe wamekufa, yenyewe imebaki. Ni mali."

Ni laini, isipokuwa sehemu moja chini, upande wa kushoto, ambako daktari alirudisha kidole mara nyingi. Alitaka kudunga sindano. Mama alikataa. Kisha Sista Quinter akauliza maswali ya fomu. Umezaa watoto wangapi? Mama alinitazama kana kwamba ni mimi niliyekosa adabu.

"Watoto hawahesabiwi," alisema. "Mwambie waliopo anawaona."

Quinter aliandika wawili. Yaani mimi na mdogo wangu Phyllis.

Alhamisi, Machi 16

Mvua alasiri. Ukoko kwa mbwa.

Ijumaa, Machi 24

Phyllis amekuja kutoka Sigor alikoolewa. Amekuja na mtoto wake Kiplimo, wa miezi kumi, na mfuko mmoja. Mama mkwe wake amemwambia akae kwetu "mpaka mtoto apate nafuu." Anayejua maneno anajua maana yake.

Nilikuwa napukuchua mahindi mlangoni. Phyllis aliniinamia anipe mtoto, na kabla sijamshika nilisikia harufu ya masikio yake. Usaha. Naijua harufu ile. Nilisema mikono yangu ina vumbi la mahindi. Mama ndiye aliyempokea.

Jumatatu, Machi 27

Kazi. Mvua ilianza mapema. Mtoto alikohoa hadi alfajiri, upande wa pili wa ukuta.

Jumamosi, Aprili 8

Mama mkwe wa Phyllis amekuja kutoka Sigor na wanawake wengine wawili wa ukoo wao. Wanasema labda mtoto anaugua kwa sababu alipewa jina lisilo lake. Mtoto akizaliwa kwetu, wanawake humtajia majina ya wazee wa ukoo waliotangulia, moja moja, na jina atakalolipigia chafya ndilo lake, yule mzee amerudi. Kiplimo ni jina la wakati aliozaliwa, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni, lakini lile la mzee, walisema, lazima lilikosewa. Wakataka kuanza upya.

Ni watu wa kanisa wote watatu. Waliomba kwanza kwa jina la Yesu, kisha wakaanza.

Mkwe alitaja babu mzaa babu. Kiplimo akapiga chafya. Wakashangilia. Yule wa pili akasema tuhakikishe, akataja mwingine. Akapiga chafya. Wakataja wa tatu, aliyekuwa mwizi wa ng'ombe, wakitegemea atanyamaza. Akapiga chafya mbili. Walitazamana. Hata mjomba ambaye bado yuko hai, aliyetajwa kwa bahati mbaya, alipigiwa chafya.

"Huyu anaitikia kila mtu," alisema yule mwembamba.

"Ana mafua," alisema Phyllis.

Mkwe aliweka kanga yake sawa. "Mtoto wa ukoo wetu huwa anachagua," alisema. Hawakulala. Walichukua gari la jioni kurudi Sigor, na maziwa ya kibuyu Mama aliyowapakia waliyasahau, au hawakuyasahau.

Jioni nilisikia Mama akicheka peke yake jikoni. "Mpaka mwizi," alisema.

Jambo moja nililiona leo. Katika majina yote yale hapakuwa na mtu aliyekufa mdogo. Wadogo hawaitwi, kwa hiyo hawana njia ya kurudi.

Jumapili, Aprili 16. Pasaka

Kanisani. Benchi letu lilikuwa na nafasi, ingawa kanisa lilijaa. Johana hakuja.

Jumatano, Aprili 19

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Tulikuwa kituo cha kwetu tena. Phyllis aliniletea chakula cha mchana akiwa amembeba Kiplimo mgongoni, na Quinter akamwambia apange foleni apimwe pia. Shingo yake haina neno. Wakati daktari akiandika, Kiplimo alimnyang'anya miwani. Daktari alimchukua magotini, na vidole vyake, kwa mazoea tu, vikaenda shingoni mwa mtoto.

Vikasimama pale. Vikapita chini ya taya, nyuma ya masikio, vikarudi. Akamwinua mkono akapapasa kwapani. Akampapasa kwenye nyonga. Alitusahau.

"Sista, tochi."

Quinter alimfungua mtoto mdomo kwa kijiko. Daktari alichungulia muda mrefu, Kiplimo akilia.

"Huyu mlimkata kimio? Kuna mzee alimtoa kitu kooni?"

"Hakuna," alisema Phyllis. "Mtoto mdogo hivi nani angemkata?"

"Masikio yanatoka usaha hivi tangu lini?"

"Tangu miezi sita. Yakikauka kifua kinaanza."

"Mtoto mwenye masikio kama haya," daktari alisema, lakini ilikuwa kama anajisemea, "shingo yake ingejaa tezi ndogondogo kama maharagwe. Koo lingekuwa na tonsili nyekundu mpaka zinagusana. Tangu Machi nashika shingo zenye kitu cha kuzidi. Hii haina kitu. Haina kitu kabisa."

Kisha alinitazama mimi. "Tecla, kwenu kumewahi kuwa na mtoto mwingine wa kiume wa namna hii?"

Nilimgeukia Phyllis na kumtafsiria. Nilimwuliza kwa Kipsigis, neno kwa neno, kama kumewahi kuwa na mtoto mwingine wa kiume wa namna hii kwetu. Phyllis amesoma hadi darasa la nane, Kiswahili anakijua kama mimi.

"Dada," alisema polepole. "Anakuuliza wewe."

Nikamgeukia daktari. "Hakuna," nikasema.

Mvua ilianguka. Watu walikimbilia paani na vikapu vyao, foleni ikavunjika, na sikulazimika kuangalia mtu.

Mwaka jana, Juni, nesi mmoja alimmulika mtoto yule wa Agosti kooni na kuniambia, "Koo lake ni safi sana, mama. Sijaona koo safi hivi." Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na furaha kwa ajili ya neno lile.

Alhamisi, Aprili 20

Phyllis hakunisalimu asubuhi. Nilipokuwa nasugua sufuria alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umesema hakuna."

"Kwetu hatajwi. Unajua."

"Wako hatajwi," alisema. "Wangu bado ana jina."

Nilimaliza sufuria. Ukoko nilimpa mbwa.

Jumatano, Aprili 26

Phyllis amepimwa ule ugonjwa, kwa kupenda kwake. Hana. Daktari alimwambia mbele yangu, polepole, akarudia. Alisema basi mtoto hakuupata kwa mamake, na anavyoona yeye kinga ya mwili wa mtoto ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Mwili una askari wake, alisema, na wako wa aina nyingi. Aina moja mtoto huyu hakuumbwa nayo. Miezi ya kwanza alilindwa na askari wa kuazima, aliotoka nao tumboni mwa mamake. Wamekwisha.

Phyllis alisema, "Nikiwaambia Sigor kinga yake ni pungufu, watasikia kitu kimoja tu."

"Najua," alisema daktari.

Kuna dawa. Ni sindano iliyotengenezwa kwa damu ya watu wazima wengi, wale askari wenyewe, na inapigwa kila mwezi maisha yote. Rafiki yake wa Nairobi anapokea chupa chache kwa utafiti, na anawapa watoto ambao ukoo wao unaonyesha wazi kuwa ugonjwa ni wa kurithi. Huwa unawapata wavulana na unapitia kwa mama zao, ambao wenyewe hawaugui. Kwa hiyo anataka kujua wavulana wa upande wa Mama. Waliokufa.

"Sina haraka ya kujua ya watu," alisema, na hakunitazama. "Ila mtoto ana haraka."

Jumamosi, Mei 6

Nilimwambia Mama. Nilimweleza kama daktari alivyoeleza, na askari wake wote. Alikuwa anasafisha kibuyu cha maziwa kwa mkaa.

"Kwa hiyo anataka nihesabu."

"Ndiyo."

"Waliokufa."

"Ndiyo, Mama."

"Ukiwahesabu waliokufa, kifo kinajua hesabu haijaisha," alisema. "Kinakuja kumalizia. Na yupo mmoja tu hapa wa kumalizia." Akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba alimolala Kiplimo.

Nilifikiri: huyu mama moyo wake ni jiwe. Niliwahi kufikiri hivyo mwezi wa Agosti, na leo nimefikiri tena.

Jumatatu, Mei 8

Mvua alasiri. Kazi.

Jumanne, Mei 9

Hivyohivyo.

Ijumaa, Mei 12

Mvua ya mawe. Ilipiga kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati. Ilipokwisha shamba lilikuwa jeupe na majani ya chai yamechanika yote, harufu yake mbichi ikajaa hadi ndani ya nyumba. Hakuna kuchuma kwa majuma.

Mama alisimama ukingoni mwa shamba na gunia kichwani. Phyllis alimtoa Kiplimo nje kumwonyesha mawe ya barafu, akamrudisha haraka. Alikuwa anapumua kwa mbavu.

Jumamosi, Mei 13

Hospitali. Nimonia. Nimewapeleka na gari la Seth, ambaye alikuja ingawa ni Jumamosi. "Madam, wewe kaa mbele," aliniambia, "mimi nitaongea na Mungu, wewe ongea na barabara." Hakufanya mzaha mwingine njia nzima.

Wodi ni ileile. Kitanda si kile, ni cha pili kutoka kile.

Jumapili, Mei 14

Oksijeni. Phyllis amekaa. Mimi nimesimama, sijui kwa nini sikukaa.

Jumatatu, Mei 15

Oksijeni.

Jumanne, Mei 16

Amefungua macho, amekunywa maziwa kidogo. Mama alikuja na mkate na hakuufungua. Alimtazama mtoto, kisha akatazama kile kitanda kingine, ambacho leo kina msichana mwenye mguu uliovunjika. Alikitazama muda mrefu kuliko nilivyofikiri angeweza. Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Mlete huyo Mkisii nyumbani."

Alhamisi, Mei 18

Daktari amekuja jikoni kwa Mama. Seth alibaki na gari. Mama alimkalisha daktari kwenye kigoda cha wageni na kumpa maziwa lala ya kibuyu, bilauri nzima. Daktari alikunywa akikaza macho.

"Anakunywa kama dawa," Mama aliniambia.

"Mwambie ni matamu sana," alisema daktari.

"Mwambie kwa Kisii wanadanganya vizuri."

Kisha Mama akaweka mikono magotini.

"Sihesabu," alisema. "Hilo silifanyi. Lakini kutaja nitataja, na atakayetaka kuhesabu ahesabu mwenyewe, dhambi iwe yake."

Nilitafsiri. Daktari alisema amekubali.

Mama akatema mate kidogo kifuani mwake, kama mtu anayebariki, na akaanza kutaja. Aliyataja yale majina kwa sauti ya kawaida, kama anaita watu waliokuwa nje uani. Wa kwanza alikuwa kaka yake, aliyefuatana naye kuzaliwa. Masikio, alisema, na kifua. Wa pili alikuwa kaka yake mwingine, masikio vilevile. Majina hayatafsiriwi, kwa hiyo sikuwa na kazi. Nilikaa tu.

Kisha akataja wa tatu. Daktari akauliza, "Huyu naye ni kaka yako?"

"Huyu ni wangu," alisema Mama. "Alikuwa kabla ya huyu." Akanishika bega.

Akataja wa nne. "Na huyu ni kati ya huyu na Phyllis. Alikuwa anatembea tayari."

Nina miaka thelathini na mmoja. Sikujua nilikuwa na kaka. Sikujua nilikuwa na mdogo wa kiume, aliyekuwa anatembea. Lazima nilicheza naye. Nilijaribu kumkumbuka pale pale nilipokaa na hapakuwa na kitu, hata rangi ya nguo. Walifanya kazi yao vizuri, wale walionisahaulisha. Ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alijua kuvunja kikombe kwa pigo moja.

"Na wasichana?" daktari aliuliza.

"Wasichana wanachuma chai," alisema Mama.

Daktari alisubiri na kalamu yake. Moto ulilia kidogo.

"Amebaki mmoja," Mama alisema, "lakini ana mama yake."

Hakuna aliyenitazama. Daktari alitazama ndani ya bilauri yake. Phyllis hakuwepo, alikuwa hospitalini kwenye kiti kile. Nilifikiri kwamba nikisema, nitalia, au kitu kitaanguka, au nitahisi angalau baridi. Nikasema jina lake. Nikasema Agosti, miaka minne, masikio, kifua, koo safi. Hakuna kilichoanguka. Daktari aliandika. Mama aliongeza kuni.

Kisha Mama akainua kidevu, bila kuambiwa, akamwonyesha daktari shingo yake.

"Sasa adunge hiyo sindano yake," alisema. "Leo nimeshafanya mabaya yote."

Ijumaa, Mei 19

Kiplimo amerudi nyumbani. Nilimpokea kwa Phyllis mlangoni. Ni mwepesi.

Jumatatu, Juni 5

Chai imeanza kuchipua upya. Mvua alasiri.

Jumapili, Juni 11

Johana amekuja. Nilimpa chai, nikamweleza yote: askari, wavulana, akina mama. Alisikiliza akizungusha kofia mikononi.

"Kwa hiyo si mimi," alisema mwishowe.

"Si wewe."

"Na si ule ugonjwa."

"Si wenyewe."

"Nilipimwa mara tatu," alisema. "Nilienda mpaka Nakuru nisijulikane. Kila mara walisema sina, na kila mara nilifikiri wamekosea. Nilikuwa naogopa kuja kukuambia sina, maana ungebaki wewe tu."

Miezi yote hii nilidhani amekaa mbali kwa sababu ananilaumu. Nilimwambia lango limelegea. Alilitengeneza mpaka jioni, bawaba zote, hata ile iliyokuwa nzima. Amelala hapa.

Alhamisi, Juni 15

Chupa zimefika kutoka Nairobi. Kiplimo amepigwa sindano ya kwanza, nusu paja hili, nusu lile. Alilia hadi sauti ikakauka. Phyllis alilia naye. Quinter alisema, "Lia mwanangu, huyo daktari hata mimi hunitoa machozi."

Majibu ya maji ya shingo ya Mama yamerudi pia. Si kansa. Ni rovu tu. Mama alisema alijua, mali haigeuki.

Jumanne, Juni 27

Masikio makavu. Naandika tarehe kwa sababu Phyllis amesema niiandike.

Ijumaa, Julai 7

Siku ya mwisho ya kazi. Timu inahamia Sigor upande wa Chepalungu, na huko wamepata mkalimani wa huko. Nilimwuliza daktari kama kansa imeongezeka. Alisema bado hajui, labda baada ya mwaka, na labda hatajua kamwe, kwa sababu ya wale wa zamani.

Aliniletea nakala ya mchoro wa ukoo wetu, ule aliopeleka Nairobi. Wanawake ni duara, wanaume ni mraba. Mraba mweusi ni mvulana aliyekufa kwa ugonjwa. Mstari unashuka kutoka kwa nyanya yangu hadi kwa Mama, hadi kwangu na kwa Phyllis. Miraba myeusi ni mitano. Wa Kiplimo umejazwa nusu. Wa mwisho mweusi unaning'inia chini ya duara langu. Ndani ya miraba hakuna kitu, chini yake kuna tarakimu tu.

"Majina yako wapi?" niliuliza.

"Hatuandiki majina," alisema. "Ni kanuni ya utafiti, kuwalinda wenyewe. Nilihitaji idadi tu, na nani ni wa nani."

Alinishukuru kwa kazi, na mimi nikamshukuru. Shukrani zangu zilikuwa za kweli, nilizitafuta nikazikuta.

Nyumbani Mama alinyosha mkono akashika karatasi, akaigeuza juu chini, hajui kusoma.

"Amewaandika?"

"Amewaandika."

"Soma."

Niliweka kidole kwenye mraba mweusi wa kwanza na kusoma jina la mjomba wangu. Nikahamisha kidole. Nilisoma yote matano, juu hadi chini, kutoka kwenye karatasi isiyo na jina hata moja. Mama aliitikia kwa kichwa kila moja, kama anayehakikisha hesabu ya majani yake kituoni. Kisha akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia.

Mvua ilinyesha alasiri. Nimepika ugali. Mbwa alikuja mlangoni akakaa mahali pake. Nilibandua ukoko, nikauloweka kwenye maziwa, nikampa Kiplimo, naye akaukwaruza kwa meno yake manne mpaka ukaisha.

Kipruto. Kibet. Kipkemei. Kiprotich.

Weldon. Ukoko ulikuwa wake.